Wasifu wa Kaka Yetu Spana, Fundi Aliyeambiwa Avumilie

Marehemu alizaliwa Jumapili tarehe 2 Novemba 1969, mtoto wa kwanza kati yetu watatu. Jina la Spana alilipata utotoni, baada ya kuifungua baiskeli ya baba yote na kuiunga upya. Ilibaki nati moja isiyojulikana ilikotoka. Baiskeli ilitembea, kwa hiyo hakuchapwa.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1983 na sekondari mwaka 1987, kisha akasomea ufundi bomba kwa miaka miwili. Mwaka 1990 aliajiriwa katika karakana ya idara ya maji, akafanya kazi huko hadi alipoacha ili awe mmisionari. Alikuwa akiweka ncha ya bisibisi juu ya bomba na sikio kwenye mpini, akasikiliza linakovuja chini ya ardhi. Vijana wa karakana walimtania, “Mzee, wanasemaje huko chini?” Aliwajibu, “Wanasema mnyamaze.”

Alifunga ndoa kanisani tarehe 19 Agosti 1995. Alikuwa ameitwa kutengeneza bomba la jikoni kwa wazazi wa binti, na likawa haliponi, kila wiki anarudi. Mwishowe baba mkwe akamuuliza, “Kijana, hili bomba lina shida, au mwenye shida ni wewe?” Akakiri. Walijaliwa mabinti wawili.

Mwaka 2021 alijiunga na kikosi cha watu wanane kilichokuwa kikijiandaa kwenda nchi ya ng'ambo yenye ukame, kuchimba visima na kuhubiri Injili kwa miaka minne. Alijiandaa kwa moyo wote. Alijifunza lugha ya huko akiwa amelala chini ya masinki ya watu, akirudia salamu kwa sauti. Kila Jumamosi kikosi kilipanda mlima kikiwa na mizigo. Na kilikuwa na kanuni moja, iliyosomwa kila walipokutana: tunaenda sote au hatuendi.

Kaka aliiamini kanuni hiyo. Ndiyo iliyomuua.

Januari 2023 alipata uvimbe kinenani. Daktari alisema ni ngiri, upasuaji wa asubuhi moja tu, ila baada yake asibebe kitu kizito kwa miezi mitatu. Safari ilikuwa Machi. Alimweleza kiongozi wa kikosi, na kiongozi akaja nyumbani. Mke wa marehemu, wifi yangu, alikuwa akiosha vyombo. Mimi nilikuwa nikivipangusa.

“Mama, kikosi ni mwili mmoja,” kiongozi alisema. “Kidole kikibaki, mwili haupandi ndege. Avumilie, atatibiwa hukohuko.”

“Na kidole kikioza, mchungaji?”

“Tusitamke mabaya, mama.”

Alipoondoka, wifi alimgeukia mumewe. “Baba watoto, nenda ukapasuliwe.”

“Mama, watu saba wakose safari kwa sababu ya tumbo langu? Nitamjibu nini Mungu?”

“Mwambie ulikuwa na mke anayekusumbua. Atakuelewa.”

Alicheka, wala hakwenda.

Jumamosi tarehe 11 Machi alipanda mlima na pampu begani. Utumbo ukajinyonga ndani ya ngiri. Alitapika njia nzima ya kurudi, na kiongozi akamsihi asikose ibada ya kuwekewa mikono kesho yake. Kaka alisimama mbele ya kanisa, jasho likimtiririka, na watu wakasema ni upako. Alipelekwa hospitali jioni. Daktari wa upasuaji alituambia utumbo ulikuwa umekwisha kuoza. Marehemu alifariki dunia Jumatano tarehe 15 Machi 2023. Maneno yake ya mwisho kwangu yalikuwa, “Mdogo wangu, waambie wanisamehe, nimewaharibia safari.”

Hakuwaharibia. Jana Ijumaa walipanda ndege wakiwa wanane. Fundi mwingine amekalia kiti chake, na viza ya fundi huyo, kama alivyotuambia yeye mwenyewe, ilitoka tangu Februari. Walikuwa na mtu wa akiba, naye kaka yetu hakuambiwa.

Kabla ya kuondoka, kiongozi alituletea ujumbe akiomba wasifu huu useme kwamba marehemu “aliitwa na Bwana akiwa shambani mwake”. Hausemi hivyo. Alifia wodini, kwa ugonjwa unaotibika, kwa sababu alidanganywa na watu aliowapenda. Msimsingizie Bwana.

Marehemu ameacha mjane, mabinti wawili, mjukuu mmoja, mdogo wetu wa kiume, na mimi dada yake ninayewasomea. Kikosi kiliomba kitajwe hapa kama familia yake ya kiroho. Tumekataa. Familia haipandi ndege wakati mtu wake yuko mochwari.

Kaka, hukumharibia mtu safari. Lala ukijua hivyo, na Mungu akupe amani.