Meli Iliyogeuka Ukutani

Kinyozi hakukusudia kusikiliza, ila masikio ya kazi yake hayana likizo. Kwenye kiti cha mbele yake basini, mama mmoja mtu mzima alikuwa amemgeukia mlinzi wa jumba la maonyesho, aliyekuwa bado ndani ya sare.

"Mwanangu, ule ukuta wenu wa taa, wenye meli. Leo meli moja imegeuka."

"Zinageuka kila siku, mama. Bei ya gesi ikipanda kwingine, mzigo unauzwa hukohuko baharini, meli inabadilishiwa safari."

"Basi ndiyo ya mwanangu. Ni mpishi kwenye meli ya gesi. Alitakiwa kufika wiki hii, nimeshamtandikia kitanda. Tangu juzi simu yake haipatikani."

Mlinzi alimweleza taratibu kwamba zile si meli za kweli. Msanii ameilisha kompyuta bei za mafuta na gesi za nchi mbalimbali, nayo inajibunia meli zake na kuzichora kwa taa. "Mle hamna mtu, mama."

"Na hao wanaouziana mizigo baharini, wanajua kwamba kwenye zile za kweli mna mtu?"

Kinyozi, mwenye jibu la kila jambo kuanzia mpira hadi ndoa za watu, aliinama mbele ili alisikie jibu la mlinzi. Basi likasimama. Mlinzi akamshika mama mkono, akamsaidia kushuka.

"Kesho tunafungua saa tatu," akasema. "Nitakuwekea kiti."

"Kiweke karibu na ile iliyogeuka."