Ugali wa Zita Kapinga

Ndugu waombolezaji, Tumsifu Yesu Kristo. Wenye simu zizimeni, maana Zita hakupenda kukatizwa.

Marehemu Zita Kapinga alizaliwa Mkumbi tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa pili wa mzee Othmar na mama Gaudiosa, akimfuata dada yake Kunigunda, aliyetunga maneno haya, akasoma hapo hapo mwaka 1960 hadi 1963, akaishia darasa la nne, mawili zaidi ya dada yake, na jambo hilo hakuacha kulikumbusha.

Mwaka 1970 alifunga ndoa na Cleopa, mvuvi wa Lituhi, wakajaliwa watoto watano, wanne wapo hapa, na mwaka 1988 wakahamia Kitai, akafungua mgahawa, usipa wake wa nyanya, wale dagaa wa ziwani, ukawachelewesha abiria hadi madereva wakapiga honi, nao wenyewe wakashuka kula.

Julai 2004 wifi yake Devotha alifiwa na mtoto kwa malaria, akasimama katikati ya senta akatamka kwamba Zita ndiye kamroga, na tangu siku hiyo mgahawa ukabaki na nzi, hata misibani sahani ya Zita ikawa inarudi ilivyokwenda, miaka kumi na mitano, huku Kunigunda akiapa kutokula kitu kilichopikwa na Devotha mpaka kaburini.

Jumapili tarehe 11 Agosti 2019, jumuiya ikisali nyumbani kwa Zita, Devotha alisimama akakiri kwamba alisema uongo, watu wote wakamgeukia Zita, naye huyo, jikoni, akarudi na ugali na usipa, akasema, "Wifi, kula, ugali unapoa." Devotha akala, akalia, akaomba mchuzi, Zita akaingia uani akacheza ngoma ya kioda na magoti yake mabovu, vigelegele vikasimamisha malori ya makaa ya mawe, na kuanzia hapo wakapika pamoja, Kunigunda akisusa na kuitwa kichwa cha jiwe.

Mwaka 2023 Zita alianza kusumbuliwa na moyo, Devotha akamnywesha uji kwa kijiko, na Ijumaa tarehe 9 Mei 2025, saa nne asubuhi, akafariki, akiwa ameagiza Devotha apike msibani na Kunigunda ale.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani, akina mama wa jumuiya na wauzaji wenzake wa Kitai. Tukitoka makaburini, sahani ya kwanza ni ya Kunigunda, tafadhali msimkodolee macho akitafuna.

Pumzika kwa amani, Zita, dada yako atanawa mikono.