Oili Hutolewa Ikiwa ya Moto

Sogeeni karibu nyote, maana leo sauti yangu haifiki hata mlangoni, na mimi Asegelile sijazoea kurudia neno kwa sababu mtu amekaa mbali. Bupe, binti yangu, zima hiyo televisheni. Anitha, mkwe wangu, wewe kaa kwenye kiti chenye mto, tumbo lisikuchoshe. Njuguna, mwenzangu wa kazi, fungua dirisha. Lote! Nawe Gwakisa, mwanangu wa kwanza, usikae. Simama hapohapo na hiyo tai yako, nikuone vizuri.

Hicho mnachokisikia kikinguruma nje ni mashine yangu ya kukatia majani, ile nyekundu, ya kwanza niliyonunua katika nchi hii ya Marekani. Mimi ndiye niliyemwambia Njuguna aiwashe. Majirani wakija kugonga, waambieni hapa mtaani Adelphi kuna mzee anakufa na anataka kelele. Iacheni ingurume mpaka niseme mwenyewe. Mtu akiizima kabla sijasema, wosia umeishia hapo, kila mmoja achukue koti lake aende zake.

Najua mlichofuata. Mmefuata baraka. Gwakisa, hukuja Krismasi, hukuja nilipolazwa, kila nikipiga simu unaniambia barabara ya kutoka Gaithersburg ina foleni. Lakini shangazi yako alipokupigia kutoka Tukuyu, akakwambia mimba za mkeo zinatoka kwa sababu baba yako amekufungia kinyongo tumboni, ghafla foleni ikaisha! Mtu wa kompyuta, msomi, kumbe anaogopa pumzi ya mzee. Basi nisikilize. Mimi si mchawi. Sijamlaani Anitha, na nikimpata aliyetamka hivyo nitamtukana hata nikiwa ndani ya jeneza. Lakini kinyongo ninacho, tena kikubwa, na sitakuficha, maana mficha maradhi kifo humuumbua, nami kifo kimekwisha kuvua viatu hapo sebuleni.

Kwetu Rungwe baba hapulizi maji ya baraka huku neno limemkaa tumboni. Baraka ya namna hiyo huoza kabla haijamfikia mtu. Kwanza aseme, tena aseme kwa ukali, amtaje mtu kwa jina mbele ya watu, mpaka tumbo libaki jeupe, ndipo aombe maji, apige funda na kumpulizia anayebarikiwa. Mchungaji atasema hayo ni mambo ya giza. Mchungaji naye nina neno naye, bahati yake hayupo.

Naanza na Bupe. Usitoe macho, mama, hata wewe umo. Unalea wazee wa watu kwa mshahara, na ni kazi ya heshima, lakini ukirudi hapa unaniletea sauti ileile ya kazini. "Baba, leo tumekula? Baba, tumekunywa dawa?" Tumekula nani? Mimi ndiye ninayekula, na wewe ndiye unayepika uji usio na chumvi! Akija daktari mnazungumza juu ya kichwa changu kama mafundi wanaojadili kabati. Mimi si kabati, Bupe. Hilo limekuwa likiniwasha kama upupu, na sasa limetoka. Nyumba ya Tukuyu ni yako, na vyote vilivyomo humu ni vyako. Ndugu zangu wakisema mwanamke harithi, waambie Asegelile amesema, na mwenye ubishi anifuate huko niendako.

Njuguna. Wewe hukuzaliwa na mama yangu, umezaliwa Murang'a huko na mama yako, lakini tumekata majani pamoja tangu nilipoacha kuendesha gari la ubalozi. Ulimwaga oili chafu kwenye mtaro wa mvua, nyuma ya nyumba za watu, halafu ukanitazama machoni ukasema umeipeleka inakopokelewa.

Unasemaje? "Mzee, hiyo ni maneno ya kitambo, si uwachane nayo?" Siwachani nayo! Na usinichekeshe, kifua kinauma. Kumwaga ningesahau, maana hata mimi nimewahi kuchoka. Uongo sikuusahau. Mimi na wewe hatukuwa na cheti wala ofisi, tulikuwa na neno letu tu. Mwenye nyumba akituuliza mashine yake imekufa au inapona, tulimwambia ukweli, hata kama ukweli ulitunyima kazi. Ukaniingizia nzi kwenye maziwa hayo. Haya, nzi ametoka. Pikapu ni yako, na wateja ni wako, na yule mama wa kona mwenye mbwa mwambie nimesema mbwa wake ana tabia mbaya kuliko yeye.

Sasa wewe, Gwakisa.

Anitha, usiinamishe kichwa, hili si lako. Lakini sikiliza, maana huenda mumeo alikusimulia nusu tu.

Zamani kubadilisha oili ya mashine ndogo kama hii kulikuwa adhabu. Nati ya kutolea oili iko chini ya tumbo, kando ya kisu, na ili uifikie unailaza mashine ubavu kama mbuzi wa kuchinjwa. Ukikosea upande, oili inaingia kwenye kabureta, na siku yako imekwisha. Usipokosea, inakumwagikia mikononi, nayo ni ya moto, maana oili hutolewa ikiwa ya moto. Ikipoa, uchafu wote unabaki umeganda chini, na mpya unayotia inachafuka siku hiyohiyo. Kwa hiyo watu waliacha. Walikata majani kwa ile mashine mwaka hadi mwaka na oili nyeusi kama lami, mpaka injini inanoki, inakufa imekaza, halafu wanalaumu kiwanda. Mkono wangu huu una kovu la kazi hiyo, Bupe huwa analipaka mafuta bila kuniuliza limetoka wapi.

Siku moja ubalozini kulikuwa na tafrija, nami nikiwa bado dereva, majani nakata siku za mapumziko tu, nimekaa jikoni na kikombe changu, nikalitazama lile birika kubwa la chai. Watu wanakuja, wanafungua koki, chai inatoka, wanafunga, wanaondoka. Hakuna anayelipindua birika! Nikajiuliza, kwa nini mimi naipindua mashine nzima? Nikaacha kikombe. Nikanunua bomba la shaba na koki ndogo, nikatafuta ubavuni mwa injini lile tundu la pili ambalo hakuna anayeligusa, nikafunga. Oili ikatoka, lakini ikamwagikia bati la mashine. Nikatukana kwa Kinyakyusa mpaka mama yenu akatoka nje. Nani alikuja na dawa?

Wewe. Ulikuwa bado shule. Ukachora kiwiko, bomba litoke nje kwanza ndipo liiname, oili ianguke mbali na bati. Kilikuwa kizuri kuliko chochote nilichofikiria mimi, na sijawahi kumwambia mtu vinginevyo, wala leo sitakunyima haki yako kwa kuwa nimekasirika. Koki ni yangu, kiwiko ni chako. Na waya? Waya tulifundishwa na ua wa michongoma. Kishikio cha koki kinashikwa na vijiti ukipita karibu na ua, kinazunguka kidogo kidogo, oili inavuja usijue. Kwa hiyo tukakitoboa, tukakifunga kwa waya. Kabla ya kufungua unakata, ukimaliza unafunga mpya. Nilikwambia nini? Nilikwambia koki bila waya ni mlango bila komeo.

Mwaka jana ukaiweka koki yetu kwenye mtandao wa kompyuta, na picha yake, na jina lako juu. Sikukasirika. Nilifurahi, nikamwonyesha hata mtu wa posta! Lakini waya haukuwepo. Nikakuuliza, ukanijibu, "Baba, waya unaharibu picha. Watu wataona ni kitu cha kienyeji." Ukaziuza hivyo. Mzee mmoja wa Upper Marlboro akanunua, akafunga, akakata majani kando ya ua wake, na injini ikanoki huku ameishika. Akakushtaki. Alikuwa na haki! Ningekuwa yeye ningekuja na panga.

Nikaja mahakamani kukusindikiza, nimevaa suti ya mazishi ya mama yako. Na wewe ukasimama mbele ya hakimu, ukasema kwa Kiingereza chako cha puani kwamba kifaa kile kilibuniwa na baba yako, na baba yako hakusomea ufundi. Nilikuwa nimekaa nyuma yako, Gwakisa! Ningeweza kukugusa bega. Ulinifanya kinyesi cha kuku cha kufutwa kiatuni, mbele ya watu, na kiwiko chako mwenyewe ukakikana. Kizuri kikiwa na sifa ni cha Gwakisa, kikiharibika ni cha mzee asiyesoma. Mkataa kwao mtumwa. Nikasimama bila kuitwa. Askari akaniambia nikae, nikamwambia akae yeye. Nikasema, "Mheshimiwa, koki ni yangu na waya ni wangu. Aliyeutoa waya ni huyo mwenye tai." Na yule mzee nikampelekea mashine yangu nyingine badala ya yake iliyokufa, na unajua alichoniambia? Aliniuliza kama naweza kumfungia koki nyingine. Mtu aliyeharibiwa kitu chake alinitambua kuwa fundi. Mwanangu hakunitambua.

Hilo ndilo neno. Tangu siku ile limekaa hapa, chini ya mbavu, madaktari wanaliita jina lao, mimi naliita jina lako.

Usilie. Bado sijakuruhusu kulia.

Njuguna, izime. Imechemka vya kutosha, nami pia.

Mnasikia kimya hicho? ... Sasa Gwakisa, toka nje. Usivue tai. Nenda ukaitoe oili ya mashine nyekundu, ukatie mpya, kwa mikono yako, mbele ya majirani wote waliotoka kuangalia. Usitafute spana, haitaki spana, hiyo ndiyo maana yake. Debe liko kando ya ngazi. Nenda.

Dirisha msifunge. Nataka nisikie.

Bupe, niinue kidogo. Hapo. Andaa kikombe cha maji, maji matupu, usitie kitu. Wakati anafanya kazi nimalizie. Msinipandishe ndege. Mkibishana, nitawasikia. Nizikeni hapa Maryland, karibu na mama yenu, na nguo yoyote isipokuwa ile suti. Kule mashineni kwa mdogo wangu Tukuyu, anaposagia mahindi ya watu, mpelekeeni koki moja, aache kuilaza injini ile chini kila mara kama mgonjwa wa kifafa. Banda la kazi, vifaa vyote vilivyomo, na hiyo mashine nyekundu ... ni vya Gwakisa. Naam, Njuguna, vya Gwakisa, usinikazie macho. Na aiite koki kwa jina lake akitaka. Lakini akiulizwa mahali popote, na mtu yeyote, nani alimfundisha, atamke. Asipotamka ... asile jasho langu.

Imeanza kutoka. Mnasikia inavyogonga debe? Nzito hiyo. Iacheni iishe. Mtu asimharakishe, tone la mwisho ndilo lenye uchafu.

Anitha, mwanangu, sogea. Karibu zaidi. Nipe mkono ... mkono wangu una oili tangu kabla hujazaliwa, utanisamehe. Wewe sikuwahi kuwa na neno nawe. Hata moja. Huyo aliyemo ndani akae. Ashikilie. Akae mpaka siku yake, atoke na sauti kubwa, na mikono isiyoogopa kuchafuka. Mwambieni babu yake alikuwa mkali. Msimwambie alikuwa mpole, atakuja kugundua.

Kimya tena. Anatia mpya.

Njuguna, nenda dirishani. Chungulia tu. Usimwambie kitu, nasema, usimkoholee wala usimpigie mluzi, nakujua. Amefunga koki? Haya. Anafanya nini sasa? ... Ameinuka? Anaondoka?

Ngojeni. Kikombe kikae hapo hapo, Bupe. Nisikipe midomo bado. Kama anarudi humu bila ... basi nitakufa na kinyongo changu, na Mungu anisamehe.

Unasema? Sema polepole, masikio yananipotea. Amerudi chini? Amepiga magoti ... na suruali ile? Anatafuta nini?

Waya.

Ametoa kipande cha ule wa zamani alioukata, anafunga mpya. Anazungusha mara mbili, au moja? ... Mbili. Ndivyo. Ndivyo nilivyomfundisha.

Basi. Limetoka. Tumbo ... jeupe. Mwiteni. Asinawe. Aje hivyo hivyo, na oili yake mikononi, apige magoti hapa kando ya mkewe. Na mtu asiseme neno, maana nikishapiga funda sitaweza kujibu.

Bupe ... maji.