Rangi Nzito

Mzee aliyeketi mbele yangu kwenye basi alikuwa amepakata ndoo ya rangi kama mtoto mgonjwa. Jirani yake, mwashi kwa jinsi suruali ilivyoganda simenti, akamuuliza anaenda kupaka wapi. "Ukutani kwangu, mwanangu. Kuna ufa, nimeuziba mara nne, unarudi."

"Ufa huo ulianza lini?"

"Nilipopanua mlango. Kiti cha magurudumu cha mke wangu kilikuwa hakipiti. Nikabomoa mwenyewe, siku mbili tu. Kulikuwa na nguzo inanisumbua, nikaitoa." Alilisema hilo kwa fahari, nami nikatamani kushuka.

Mwashi akageuka mzima mzima. "Mzee, nguzo hiyo ndiyo iliyobeba zege la juu! Usipake kitu. Mtoe mama humo leo leo."

"Nimpeleke wapi? Huo ndio mlango pekee anaopita bila kubebwa."



Basi likasimama. Mzee akajikongoja mlangoni na ndoo yake, akatugeukia kama anayetutuliza. "Safari hii nimechukua rangi nzito."