Mkono Uliinuliwa, Nami Nikabaki Nimesimama

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe na ninyi mnaosimama, na asifiwe vilevile na wale wanaoanguka, kwa maana nimekuwa wa kundi hilo la pili kwa miaka mingi, na leo nimekuja kuwaeleza nilikuwa nikianguka kwa sababu gani.

Mimi ni Mama Mumbua wa Kasikeu. Ni mjane, ni mkulima wa mbaazi na kunde, na sipendi kuhurumiwa. Nilijifunza kusoma nikiwa na miaka arobaini na mmoja, katika darasa la ngumbaru, nikiketi kwenye dawati ambalo mchana lilikaliwa na watoto wa shule ya msingi. Kitu cha kwanza nilichoweza kukisoma bila kusaidiwa kilikuwa kalenda ya ukutani. Tangu hapo sikubali mtu aniambie "siku moja". Siku zina majina. Mkinisikia nikizitaja Jumatano zangu na miezi yangu, nivumilieni. Nilizipata kwa jasho.

Aliyekuwa mume wangu amelala kaburini, na simtaji jina hapa kwa heshima ya watoto aliowazaa. Nitasema juu ya mkono wake tu. Niliolewa nikiwa na miaka kumi na saba, tukaishi pamoja miaka kumi na tisa, na katika miaka hiyo yote mkono wake ndio uliokuwa mwenye nyumba. Chumvi ikizidi, mkono. Mvua ikichelewa, mkono. Lakini ndugu zangu, sikilizeni jambo hili vizuri: si kila mara alipiga. Mara nyingi aliuinua tu, akanitazama nikijikunja, kisha akajikuna kichwa kwa mkono uleule na kucheka. Kofi huuma likaisha. Mkono ulioinuliwa usipoteremka hauishi.

Alifariki kwa ugonjwa mwezi wa Agosti, siku ya Jumapili, ibada ikiendelea. Watu walisema, sasa Mama Mumbua atapumzika. Mimi mwenyewe nilisema hivyo moyoni. Kumbe mwili wangu haukuwa umepata habari za msiba! Lango likilia, moyo ulinipanda kooni. Sikuweza kuketi nikiwa nimeupa mlango mgongo. Nilikuwa nikichambua kunde, ghafla nikajikuta niko jikoni kwa miaka ile, nasikia harufu ya ugali ulioungua, na nikizinduka jua limesogea na kunde ziko chini. Nilikuwa mkali kwa watoto wangu bila sababu, kisha nikawa kama gogo, sicheki wala silii. Na juu ya yote nilijiona mchafu. Nilioga, nikavaa vizuri, nikaja kanisani, na bado nilijiona mchafu.

Na hapa kanisani ndipo nilipoanza kuanguka.

Mnakumbuka wenyewe. Mchungaji Kyalo akimaliza mahubiri, alituita mbele tuwekewe mikono. Alitembea kutoka mmoja hadi mwingine, sauti imepanda, mkono juu. Alipofika kwangu, kabla kidole chake hakijagusa paji la uso wangu, nilikuwa sakafuni. Kila mara! Kanisa zima lilishangilia. Dada Kalunde, mhudumu wetu, alikuja mbio kunifunika miguu kwa ile leso ya njano ya kanisa, ili nianguke kwa heshima. Ikafika mahali akawa hangoji hata nianguke. "Leteni leso ya Mama Mumbua karibu," alikuwa akiwaambia wenzake, "mchungaji ameshaanza kutembea!"

Akina mama walinitania tukitoka nje. "Wewe Roho anakupenda vibaya," Kalunde aliniambia. "Sisi tunasukumwa hadi shingo inauma, na bado tumesimama kama nguzo ya stima!"

Nilicheka nao. Ningesema nini? Walioniona chini walidhani nimejazwa, nami sikuwa na neno la kuwaambia nilichokuwa nimejazwa nacho. Nilipokuwa sakafuni chini ya leso ile sikuona nuru, ndugu zangu. Nilikuwa nikisubiri kofi.

Baadaye wengine wakaanza kusema si Roho, ni mapepo, kwa kuwa nilikuwa nikiinuka natetemeka. Nikafanyiwa maombi ya kufunguliwa, na katika maombi hayo mikono ikawa mingi zaidi, na sauti zikawa kali zaidi, nami nikaanguka zaidi. Sisemi kwamba waombaji wangu walikuwa wabaya. Walinipenda. Walifunga kula kwa ajili yangu. Lakini walikuwa wakiutibu moto kwa kuni.

Nilitafuta msaada kwingine. Mwezi wa Mei nilikwenda Kitui mjini kwenye semina ya wajane, ambako mwalimu mmoja alitwambia tusimame mmoja mmoja na kueleza kila kitu, tutoe yote siku hiyohiyo, ndipo tupone. Nikasimama. Nikatoa yote. Nilirudi Kasikeu nikakaa ndani hadi Juni ikaisha, siwezi hata kwenda kisimani. Ndipo nilipokata tamaa, nikasema basi, nitakufa na mkono huu juu ya kichwa changu.

Lakini Mungu hakuwa amemaliza nami! Mwaka uliofuata, Mumbua, binti yangu ambaye ni fundi wa nguo kule Nunguni, alinijia na habari njema: amepata mchumba, kijana wa Kitui, na arusi ingekuwa Jumamosi ya pili ya Desemba, kulekule Nunguni, Mchungaji Kyalo akiwafungisha. Nilifurahi. Kisha akainamisha uso. Kwa desturi ya kanisa letu, mzazi wa bibi arusi husimama madhabahuni, na mchungaji humwekea mkono kichwani kabla hajamkabidhi mtoto. Na habari zangu zilikuwa zimefika kwa wakwe.

"Shangazi wa mchumba wangu ameuliza," Mumbua akasema polepole. "Ameuliza kama hayo mapepo ya mama, msichana naye hana."

Nikachukua ungo, nikaanza kuchambua kunde.

"Mwaitu, mama yangu, kama ni ngumu, mjomba anaweza kusimama badala yako."

"Mjomba alikuzaa?" nikamuuliza.

"Hapana, Mwaitu."

"Basi mwambie akae na wageni, ale pilau."

Nilisema hivyo kwa kiburi, ndugu zangu, huku magoti yangu yakijua ukweli. Nikianguka siku ile, singeanguka peke yangu. Ningemwangusha binti yangu mbele ya watu wa mumewe, na angeishi katika boma lile kama mtoto wa mwenye mapepo.

Jumatatu ya kwanza ya Februari, wiki moja tu baada ya mazungumzo hayo, nilikwenda hospitali ya serikali hapa Makueni kupimwa presha. Daktari aliponiona nikiruka alipoinua mkono kunifunga kile kitambaa cha kupimia, hakunicheka. Alinielekeza kwenye chumba cha mwisho, kwa mshauri wa kisaikolojia, mama wa makamo aitwaye Bi. Mwikali. Tulisalimiana, nikaketi karibu na mlango. Upepo ulikuwa mwingi. Bi. Mwikali akasimama na kuinua mkono afunge dirisha lililokuwa juu ya kichwa changu.

Nikajikuta sakafuni.

Hakupiga kelele. Hakukemea chochote. Alirudi nyuma, akauteremsha mkono wake polepole mahali ninapouona, kisha mwanamke yule mwenye sketi iliyopigwa pasi akaketi sakafuni, mbali kidogo nami, akauliza kwa sauti ya kawaida:

"Mama, mkono huu ulikuwa wa nani?"

Haleluya! Ndugu zangu, miaka yote hiyo niliulizwa jina la pepo. Hakuna aliyewahi kuniuliza mkono ulikuwa wa nani. Nikalitaja jina ambalo sikuwa nimelitamka tangu mazishi, na nikalia kilio ambacho sikukilia makaburini.

Bi. Mwikali alinieleza kwamba hali yangu inajulikana na ina jina. Inaitwa kiwewe changamano. Humpata mtu ambaye hakuumizwa mara moja tu bali aliishi ndani ya kuumizwa, bila pa kukimbilia, hadi mwili ukajifunza kujikinga kabla akili haijafikiri. Mwili wangu haukuwa na pepo wala haukuwa mwoga. Ulikuwa askari mwaminifu ambaye hakuna aliyemwambia vita vimekwisha. Nilimweleza kuhusu semina, akatikisa kichwa. "Hiyo ilikuwa haraka, mama. Hapa tutaenda kwa mwendo wako. Ukisema tusimame, tunasimama."

Nikawa nakwenda kila Jumatano. Mwanzoni hatukuzungumzia yaliyopita hata kidogo. Alinifundisha kuzituliza pumzi, kuzikandamiza nyayo zangu sakafuni na kutaja kwa sauti mahali nilipo na siku yenyewe. Hapo nilifurahi sana, kwa maana tarehe ni kazi yangu! Nikihisi jiko lile la zamani linanivuta, nilisema: "Leo ni Jumatano, ni mwezi wa Machi, niko Makueni, na yule mtu ni marehemu." Kalenda ya ngumbaru ikawa fimbo yangu ya kutembelea. Daktari alinipa na dawa za kunisaidia kulala kwa kipindi fulani, nami nilizimeza bila aibu. Kisha tukaanza kuyasimulia ya zamani, kipande kwa kipande, tukikomea pale nilipoweza kubeba.

Mwezi wa Agosti tukaanza kazi ya mkono. Bi. Mwikali aliuinua wake akiwa ng'ambo ya chumba, nami nikiuangalia. Juma lililofuata, hatua moja karibu. Nilitoka jasho, nikatetemeka, nikabaki kwenye kiti. Baadaye Mumbua akawa anauinua wake nyumbani, huku akilia kuliko mimi. Mwisho nikamwendea Mchungaji Kyalo, nikamweleza yote.

"Mama," akasema, "kwa hiyo siku zote hizo ulikuwa unaniogopa?"

"Si wewe, mchungaji. Mkono wako ulikuwa unavaa mkono mwingine."

Akaitazama mikono yake kama anayeiona mara ya kwanza. Kisha akaniuliza angetakiwa kufanya nini. Na kama mlivyoona, tangu Oktoba mchungaji wetu huuliza kwanza, "Naweza kukugusa?", na huuleta mkono kutoka chini, kiganja kikiwa wazi. Wako akina mama hapa ambao hawajaanguka tena tangu mwezi huo. Siwataji. Wanajijua.

Jumamosi ya pili ya Desemba ilifika. Nunguni kulikuwa na ukungu na baridi, wakwe zetu wa Kitui wamejikunyata kwenye masweta. Yule shangazi alikaa safu ya mbele. Nilisimama madhabahuni, nimemshika Mumbua mkono, na nyuma yangu nikasikia Kalunde akinong'ona, "Niko hapa, Mama Mumbua." Nikajua ameshika leso ya njano.

Mchungaji akauliza. Nikasema ndiyo. Mkono ukapanda. Moyo wangu ukapiga ngoma, jiko lile likanukia, nami nikakanyaga sakafu ya Nunguni kwa nyayo zote mbili nikasema kwa sauti, bila kujali nani anasikia: "Leo ni Jumamosi, ni Desemba, namwoza binti yangu!" Watu wakadhani ni furaha tu, wakapiga vigelegele. Mkono ukatua kichwani mwangu. Ulikuwa na uvuguvugu. Ulikuwa mkono wa mtu anayeniombea, basi.

Nilisimama, ndugu zangu! Nilisimama hadi amina!

Bado ninazo siku ngumu, na bado ninamwona Bi. Mwikali Jumatano ya kwanza ya kila mwezi. Sioni haya. Mungu aliyesikia maombi yenu ndiye aliyeniketisha katika chumba kile cha mwisho. Ninamshukuru kwa mwanamke aliyekaa sakafuni pamoja nami, kwa mchungaji aliyekubali kufundishwa, na kwa binti aliyeningoja. Na wewe unayenisikiliza huku ukijua mkono wako ulikuwa wa nani, njoo kwangu baada ya ibada. Sitakugusa. Tutakwenda pamoja hospitalini, na njia nzima tutaomba.

Mnataka kujua leso ilikwenda wapi? Kalunde hakuikunjua madhabahuni. Tulipotoka nje alinirushia, nikaifunga kiunoni, nikamchezesha shangazi wa wakwe hadi akavua sweta.