Akivuta Mara Nne

Marehemu dada yetu, mliyemzoea kwa jina la utani la Bi Chunusi, kama yule jini wa majini, alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, mtoto wa tatu wa fundi wa maboya na mshona nguo. Aliweza kuogelea kabla hajaweza kufunga vifungo vya gauni lake.

Alisoma shule ya msingi ya jirani na gati. Mwaka 1969 chuo cha ubaharia kilimwambia kwamba uzamiaji si kazi ya wanawake. Alikaa kwenye benchi nje ya ofisi ya mkuu wa chuo siku nne, mpaka wakachoka wao, wakamwandikisha.

Bandari ilimwajiri mwaka 1972 kukagua nguzo za gati. Mwaka 1979 akawa mtu wa kwanza kushuka kwenye korongo lililo chini ya mlango wa bandari. Ramani aliyoichora kwa penseli hukohuko chini bado imetundikwa ofisini.

Tarehe 14 Juni 1975 aliolewa na karani wa stoo, mtu asiyeweza kuogelea hata kwenye beseni. Huyo ndiye dada aliyemchagua kuwa mshika kamba wake, wa kubaki juu na ncha ya kamba aliyojifunga akizamia. Kuvuta mara moja maana yake niko salama. Mara nne, nitoe. Siku ya kwanza alivuta mara moja, na shemeji yetu kwa woga akampandisha juu kama ndoo ya kisimani.

“Nani kakwambia unitoe?” alifoka. “Nikitaka kutoka nitavuta mara nne.”

“Na nisipohisi?”

“Utahisi.”

Kwa miaka ishirini na sita shemeji hakukosea tena.

Mapafu yalianza kumsumbua mwaka 2019. Mumewe aliuliza kila daktari afanye nini, na kila mmoja alimwambia akae naye tu. Jumanne, tarehe 4 Juni 2024, akiwa hawezi tena kusema, marehemu alimshika mumewe kifundo cha mkono, akavuta. Mumewe alihesabu. Mara nne. Alimkimbilia muuguzi.

“Anataka kutoka.”

“Mzee, hapa tulipofika, rudi ukamshike mkono.”

Alirudi. Akavutwa tena mara nne. Anasema hajawahi kujiona bure namna ile. Saa tano na robo asubuhi mkono ulilegea.

Ameacha mume, binti wawili, wajukuu watano na sisi wadogo zake. Mumewe ameomba kushika kamba moja wakati wa kushusha jeneza. Tumemwambia awaachie vijana, amekataa. Kumshusha anajua. Kumtoa ndiko kulikomshinda.

Mungu ampokee, ampumzishe.