Kilio cha Bi Milagros Mikononi mwa Mzee Sanong

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika hifadhi yetu ya filamu hapa Quezon City, Mzee Crisanto Lumibao, Sanong wetu, anastaafu leo Ijumaa, tarehe 28 Julai 2017. Tungependa kumuaga kwa vicheko tu. Kusema kweli, tangu asubuhi roho zetu ziko juu.

Alianza mwaka 1971 kama mwonyesha filamu kule Cabanatuan, enzi za bomba, zile filamu za watu wazima zilizojaza kumbi huku mapadri wakizilaani. Kila mwonyeshaji alikuwa na vipande vilivyopigwa marufuku, akivipenyeza katikati ya filamu. Muuza tiketi akimwona mkaguzi, anabonyeza kengele, na kipande kinaondolewa haraka. Siku moja kengele ililia, Sanong akababaika. Badala ya kumwondoa mwigizaji Bi Milagros Tuazon akioga mtoni na shimizi iliyolowa, alimwondoa Bi Milagros akimlilia mwanawe aliyekufa. Mkaguzi alitazama kuoga kote mpaka mwisho, bila kupepesa macho, ndipo akaufunga ukumbi.

"We Sanong!" mwenye ukumbi alifoka. "Kuoga na kulia, hata hapo unataka miwani?"

Akafukuzwa siku hiyo hiyo, kile kilio kikiwa bado ndani ya mkoba wake. Baadaye mafuriko yaliharibu ghala la mtayarishaji, na nakala zote za filamu nzima zikaoza humo. Kuoga kulipona, maana waonyeshaji walikuwa wameficha nakala za kipande hicho kila mkoa. Kilio kilibaki kimoja tu.

Sanong alikileta hapa siku yake ya kwanza kazini, mwaka 1986. Tangu hapo kila mkurugenzi aliyeombwa kilio hicho kinakiliwe alijibu kwamba zipo filamu za heshima zinazosubiri. Nasi tulinyamaza, na hilo linaniuma. Sasa utepe wake umenywea, unanuka siki kwa kuoza, na mashine zetu mpya zitaurarua. Leo, baada ya kula tambi za pansit, Sanong atauzungusha kwa mkono kwenye mashine ya zamani, nasi tutaunakili unavyopita. Fundi wetu anasema hautapita mara ya pili.

Yeye mwenyewe anajifanya hana wasiwasi. "Mkipiga kelele nikiwa kazini, nawatoa nje wote, kuanzia na mkurugenzi!" ametuonya. Lakini sahani yake ya asubuhi imerudi jikoni kama ilivyokwenda.

Mzee Sanong, asante kwa kazi, kwa utani, na kwa kukitunza kitu ambacho sisi wasomi tulikionea aibu. Nenda ukafuge kuku wako kwa amani, afya iwe nawe, na mkeo, Aling Sela, asikuchoke mapema.

Ila kwanza, baba, tuliza mikono. Bi Milagros atakaa mstari wa mbele pamoja na wajukuu zake. Jana alinipigia simu: "Mwanangu, hawa watoto wametaniwa shuleni maisha yao yote kwa kile nilichovua. Hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba nilijua kuigiza."